Swift 1.3 na mlima Kitonga: vifaa vya kutyuni au spea za Sport?

## Usuli

Mwenye gari ni mtumishi wa afya aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari. Jina lake, mji na namba za gari nimeviondoa. Humu nitamwita Dada, maana ndivyo alivyoitwa na kila mtu pale gereji.

Gari lake ni Suzuki Swift ya mwaka 2007, injini M13A ya cc 1,328, gia otomatiki ya hatua nne, rimu za inchi 15, breki za diski mbele na za drumu nyuma. Kwa karatasi za kiwanda, injini hiyo hutoa farasi 91 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 118. Alipokuwa Dar gari lilimtosha kabisa. Alipohamia milimani akaanza kuliona zito. Na kwa kuwa kila baada ya miezi michache hushuka Dar kuwaona wazazi, gari likiwa na watu wanne na mizigo yao, kila safari humkutanisha na Kitonga, mlima wa barabara ya Iringa hadi Morogoro, mara mbili, kuteremka na kupanda.

Anayeijua Kitonga hana haja ya kuelezwa. Barabara inaupanda mlima kwa kona za kukunja, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanda taratibu mno, na nafasi ya kulipita lori ni fupi. "Kaka, nikikanyaga mafuta linapiga kelele tu, haliendi," alinieleza. Alitaka nguvu, na alikuwa ameshatenga fedha za kuinunua.

## Ushauri aliokuwa nao tayari

Mdogo wake wa kiume, kijana anayependa magari kweli, alimwandalia orodha: filta ya hewa ya koni, ekzozi pana isiyo na masega (kisafishio cha moshi), kiboksi cha kuongeza nguvu cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, springi za kushusha gari, na rimu za inchi 16 za Swift Sport, toleo la Swift lenye nguvu zaidi. Fundi wake wa siku zote hakukubaliana na kijana. Yeye alisema kama ni nguvu, atafutiwe Sport iliyokatwa, zile zinazoletwa kutoka Japani kwa ajili ya spea, injini yake ihamishwe yote.

Mimi niliitwa kuamua kati yao. Kwa hiyo swali lilinifikia likiwa limeshafungwa: vya kununua dukani au vya kiwandani? Niliomba kwanza gari liletwe jinsi lilivyo, lisioshwe wala kuguswa.

## Vipimo kabla ya manunuzi

Kabla ya kufungua boneti nilimuuliza Dada kuhusu kuteremka, maana yeye alikuwa amezungumzia kupanda tu. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba safari iliyopita, karibu na mwisho wa mteremko, gari lilitoa harufu ya kuungua na pedali ya breki ikawa laini chini ya mguu wake. Alidhani ni kawaida ya gari dogo lenye mzigo. Tangu hapo kwangu kisa hiki kilikuwa cha breki kwanza, nguvu baadaye.

Mambo tuliyoyakuta hayakuwa ya ajabu. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi jekundu, nusu ya chini imeganda kama imepigwa lipu. Plagi zilikuwa zimelika hadi mwanya wake ukapanuka. Matairi yote manne yalikuwa na upepo pungufu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Gurudumu la mbele kushoto, baada ya kuzunguka mji kwa muda mfupi, halikushikika kwa joto, ilhali la kulia lilikuwa vuguvugu. Fundi alipofungua akakuta pini ya kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, imeganda, na pedi ya ndani imebaki ukucha tu huku ya nje ikiwa bado nene. Maana yake Dada alikuwa akipanda Kitonga huku gurudumu moja limekamatwa na breki.

Habari njema ni kwamba kompresheni (mkandamizo wa hewa) ya silinda zote nne ilikuwa nzuri na zimekaribiana. Injini ilikuwa nzima.

Halafu kuna hewa yenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Farasi 91 za Dar ni kama 77 kule juu. Upungufu huo hauondolewi na plagi wala na filta ya aina yoyote, na nilimweleza hivyo mapema ili asije akadhani fundi amemdanganya.

Tukapima muda wa kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kwenye kipande kilichonyooka nje ya mji, alfajiri, kwenda na kurudi, watu wawili garini. Gari lilichukua karibu sekunde 10.

## Yaliyonunuliwa kabla ya ushauri kukamilika

Wakati sisi tukipima, kijana alikuwa ameshatangulia Dar na kurudi na vitu vitatu: filta ya koni, kiboksi na seti ya rimu. Sikuona sababu ya kumkatisha tamaa. Vitu vilikuwa mkononi, basi tuvijaribu.

Kiboksi kilichukua muda mfupi kuliko vyote. Taa zake ziliwaka na kuzimika vizuri, sekunde za kwenye kipimo hazikubadilika hata kidogo. Fundi alikifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kibao kidogo ambacho njia zake za umeme ziliishia kwenye taa; hakuna kilichoweza kuzungumza na kompyuta ya gari.

Filta ya koni ilihitaji subira zaidi, kwa kuwa inapofungwa gari hunguruma na dereva husikia nguvu. Tuliweka mashine ya kupimia ili isome joto la hewa inayoingia kwenye injini, tukapanda kilima nyuma ya lori. Nje kulikuwa na nyuzi 24. Kwa boksi la kiwandani, ambalo huvuta hewa kutoka mbele ya gari, hewa iliyoingia ilifika nyuzi 33. Kwa koni iliyo wazi ndani ya boneti ilifika nyuzi 51. Hewa ya nyuzi 51 ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ile ya nyuzi 33, kwa hiyo kifaa cha kuongeza nguvu kilikuwa kinapunguza nguvu pale pale anapoihitaji, nyuma ya lori linalotambaa. Kwenye mwendo wa kasi barabarani tofauti ilipungua, lakini Dada hakuja kwetu kwa ajili ya mwendo wa kasi. Ukiongeza vumbi la barabara za vijijini anazopita kikazi, na mafuta ya filta za aina hiyo ambayo hushika kwenye sensa ya hewa, koni ilirudi kwenye boksi lake.

Kwa rimu, mshangao ulikuwa wa papo hapo. Swift ya kawaida ya kizazi kile ina stadi (boliti za kushika gurudumu) nne, zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Sport ina tano, kwenye duara la 114.3. Matundu matano hayakai kwenye stadi nne, na muuzaji alipopigiwa simu akasema si tatizo, ana spesa za kubadilisha nne kuwa tano. Nilizikataa. Spesa husogeza gurudumu nje, huiongezea beringi mzigo, na gari zima hubebwa na boliti ambazo hakuna anayejua zimetengenezwa kwa chuma gani. Rimu zikawekwa kando, hazikurudishwa. Baadaye zilipata kazi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha nguvu ambayo gari lilizaliwa nayo: kichujio kipya cha kawaida, plagi, mafuta ya injini na ya gia, kusafisha throto (mlango wa hewa wa injini), kufufua kalipa, upepo sahihi. Gharama yake haikufika sehemu ya kumi ya fedha alizotenga. Tulipopima tena, 40 hadi 80 ilishuka hadi sekunde 8 na nusu. Hakuna kilichoongezwa hapo, tuliondoa vizuizi tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutohamisha injini ya Sport, na hapa fundi na mimi tulibishana kwa heshima kwa muda mrefu. Hoja yake haikuwa mbaya. M16A ya cc 1,586 ni ya ukoo mmoja na M13A na hutoa farasi 125 na Nm 148. Lakini Sport iliyopatikana ilikuwa ya gia za mkono, na gari la Dada ni otomatiki. Kwa hiyo injini ingekuja na giaboksi yake, pedali ya klachi, waya zake, kompyuta yake na ufunguo wake, kwani kompyuta na ufunguo hutambuana. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo kadi ingelazimu kurekebishwa na kampuni ya bima kuarifiwa. Gari likipata ajali likiwa na injini isiyolingana na kadi, mwenye gari ndiye anayeumia. Sport pia ina mgandamizo mkubwa, 11.1 kwa 1, na huko Japani imeandikiwa petroli ya daraja la juu, wakati vituo vingi vya mikoani kwetu vina petroli ya aina moja tu. Na baada ya yote hayo, farasi 125 kwenye mwinuko ule zingebaki kama 106.

Kijana aliuliza kuhusu tabo. Swali zuri, maana tabo ndiyo dawa halisi ya mwinuko: inasukuma hewa badala ya kungoja hewa ije. Suzuki wenyewe walifika huko, Swift Sport iliyotoka mwaka 2017 ina injini ya lita 1.4 yenye tabo, farasi 140 na Nm 230. Ila walibadilisha injini yote kwa ajili hiyo. Kufunga tabo ya dukani kwenye M13A yenye miaka mingi kunataka nozeli, kompyuta ya kupangwa upya, upoozaji wa hewa, na fundi atakayekaa nalo wiki kadhaa akilipanga. Katika mji wake fundi huyo hayupo. Gari la mtu anayetegemewa hospitalini haliwezi kuwa la majaribio.

Uamuzi wa tatu ndio uliokula fedha nyingi: breki za Sport. Kutoka kwenye Sport ile ile iliyokatwa tulichukua habu za mbele (vitovu vinavyoshika magurudumu) na diski na kalipa zake, ekseli ya nyuma yenye diski pamoja na nyaya zake za hendibreki, na masta silinda (pampu kuu ya breki). Sharti langu lilikuwa kwamba ama vije vyote kutoka gari moja, ama tusichukue hata kimoja. Mtu akiongeza diski kubwa mbele peke yake, mgawanyo wa breki unahamia mbele na nyuma hakufanyi kazi yake. Akibadilisha za nyuma peke yake, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa gari ambalo magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza hugeuka lenyewe barabarani. Kwa habu za stadi tano, zile rimu za kijana sasa zikafaa. Tairi la 195/50R16 lina kipenyo cha milimita 601, na la awali la 185/60R15 lilikuwa na 603, hivyo spidi ya kwenye dashibodi haikuharibika.

Pedi, mafuta ya breki na shokapu tulinunua vipya dukani, si vya mtumba. Mafuta tulichagua DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 155. Ndiyo maana ya pedali laini kule mwisho wa mteremko: mafuta ya zamani yalichemka, yakatoa mvuke, na mvuke hukandamizika. Shokapu zilikuwa KYB za Swift 1.3, na springi tuliziacha za kiwandani kwa urefu wake uleule. Kushusha gari linalopanda matuta ya kila kijiji kati ya Iringa na Morogoro ni kutafuta kazi ya kuchomelea.

## Matokeo

Kazi ilichelewa. Kalipa moja ya nyuma ilikuwa na mkono wa hendibreki uliokaza, ikabidi ifunguliwe na kuwekewa ripea kiti (seti ya vipuri vya ndani). Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, nayo iliwaka baada ya kufunga. Waya wa sensa ya nyuma kulia ulikuwa umekatwa wakati Sport ile inachinjwa, tukabadilisha sensa. Baada ya hapo tuliomba uwanja mtupu, tukachomoa fyuzi ya ABS, tukakanyaga breki kwa mwendo mdogo hadi magurudumu yajifunge. Ya mbele yalijifunga kwanza, mara zote. Fyuzi ikarudi.

Safari ya kwanza ya Dar Dada aliteremka Kitonga akiwa kwenye gia ya 2 tangu juu, kama tulivyokubaliana, akitumia breki kwa vipindi. Hapakuwa na harufu, na pedali ilibaki ngumu hadi chini. Kupanda, anasema gari "linaitika", ingawa zipo sehemu anazobaki nyuma ya lori kwa utulivu mpaka nafasi ipatikane. Huzima AC anapotaka kupita. Hayo mawili, gia na AC, hayakumgharimu chochote.

Miezi michache baadaye alipiga shimo kwenye barabara ya kijijini na rimu moja ikapinda. Ubavu wa tairi la zamani ulikuwa milimita 111, wa hili jipya ni kama 97, na tofauti hiyo ndiyo shimo lilijipitishia. Hapo ndipo ikagundulika kwamba gurudumu la akiba lilikuwa bado lile la matundu manne. Halikufungika. Alikaa kando ya barabara hadi jioni, mpaka mdogo wake alipomfikishia rimu nyingine kwa bodaboda.

## Uchambuzi

Jambo lililosaidia kuliko yote ni kupima kabla ya kununua. Sekunde moja na nusu iliyopatikana kwa sevisi ilikuwa kubwa kuliko ambayo filta na ekzozi zingeweza kuleta kwenye injini ya 1.3, hata kama zingekuwa bora kabisa. Mapato ya ekzozi kwenye injini ndogo isiyo na tabo huwa madogo na hukaa kwenye mizunguko ya juu. Bomba likiwa pana kupita kiasi mwendo wa gesi hupungua na gari huwa zito chini, kwenye mizunguko ya kuanzia kupanda. Kutoa masega kungeongeza taa ya injini kwenye dashibodi, maana sensa ya baada ya masega ingelalamika, na kungeongeza kelele na moshi mchafu kwa watu wanaoishi kando ya barabara. Nguvu isingeonekana.

Mgawanyo wa "kiwandani" na "dukani" wenyewe naona haukumsaidia Dada. Denso, NGK na KYB huuza kiwandani na huuza pia madukani. Shokapu zetu zilitoka dukani na zilikuwa chaguo sahihi. Rimu za Sport zilitoka kiwandani na peke yake zilikuwa kosa. Mimi huuliza kifaa kimeundwa kifanye kazi pamoja na nini, na hivyo vingine vipo au havipo. Breki za Sport zilifaulu kwa sababu zilikuja na ndugu zake wote: habu, masta silinda, nyaya. Pale ambapo ndugu mmoja alisahaulika, gurudumu la akiba, ndipo mradi ulipomwangusha mwenye gari, na ulimwangusha njiani. Orodha ya manunuzi iliandikwa kwa kuangalia gari kutoka chini kwenye jeki, na kitu kilicholala kwenye buti hakikuonekana. Siku hizi fundi yule huanza orodha kwenye buti.

Rimu za inchi 16 ndizo sehemu dhaifu zaidi ya mradi mzima. Zilitumika kwa kuwa zilikuwa zimeshanunuliwa, na kitu kilichokwisha kununuliwa kina nguvu kubwa ya kushawishi. Tungeanza bila kitu mkononi, tungetafuta rimu za inchi 15 za stadi tano zinazozipitisha kalipa za Sport, zibaki na tairi nene. Kuweka tairi la 195/55R16 ili kuongeza ubavu kungeongeza kipenyo kwa asilimia 3 hivi, na hapo gia zote zingerefuka na kurudisha uzito ule ule tuliouondoa.

Kijana nisingependa alaumiwe. Alitaka dada yake apite malori salama, akatumia maarifa aliyonayo. Kilichokosekana kwenye orodha yake ni swali la kuteremka, na swali hilo hata Dada mwenyewe hakuwa amelisema mpaka alipoulizwa. Fundi anayepokea gari lenye malalamiko ya nguvu na asiulize habari za breki anaacha nusu ya kazi.

Dada ameniuliza tena juu ya injini, maana fedha zilizobaki anazo. Jibu langu limebaki lile lile: akitaka farasi 125, auze hii akanunue Sport nzima, ya otomatiki, yenye kadi inayolingana na injini yake, na apime kompresheni kabla ya kulipa. Kwa sasa anasubiri. Ameshanunua gurudumu la akiba la matundu matano, na mafuta ya breki atabadilisha kila baada ya miaka miwili.